Kuhama mtandao Palma: deni la miezi iliyobaki linajadilika

Novemba 2025 TotalEnergies iliondoa tangazo la dharura isiyozuilika lililosimamisha mradi wake wa gesi wa Afungi tangu Aprili 2021. Rasi hiyo iko kusini kidogo mwa mji wa Palma, na kwa wafanyabiashara wa Mtwara habari hiyo ina maana ya wateja kurudi. Anayefungua ghala au nyumba ya wageni huko anahitaji intaneti ya uhakika, maana oda na picha za mzigo hupita humo. Tangu 2023 Starlink inauza huduma ya setilaiti nchini Msumbiji, inayolipiwa mwezi kwa mwezi. Aliyefungwa na mkataba wa miaka miwili kwingine ana sababu ya kuuliza kuuvunja kutamgharimu nini.

Jibu la kaunta huwa fupi: lipa miezi yote iliyobaki. Chukua mfano wa mkataba wa miezi 24 kwa meticali 3,000 kwa mwezi. Mteja akihama baada ya mwezi wa 15, ataambiwa anadaiwa 27,000. Hiyo ni hesabu ya kampuni, bado si hukumu. Kifungo cha muda, ambacho kwenye karatasi ya Kireno huitwa fidelização, kina sababu yake: kampuni ilitoa ruta, ikatuma fundi, ikategemea kurudisha gharama kupitia bili. Kufikia mwezi wa 15 sehemu kubwa ya gharama hiyo imesharudi. Kudai bili kamili ya miezi ambayo huduma haitatolewa ni jambo jingine kabisa.

Sheria za pande zote mbili za Ruvuma zinaliona hilo. Kanuni ya Madai ya Msumbiji, iliyorithiwa kwa Wareno, katika ibara ya 812 inairuhusu mahakama kupunguza adhabu ya mkataba iliyozidi mno, au pale sehemu ya wajibu ilipokwisha kutimizwa. Tanzania, kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinasema aliyevunjiwa alipwe fidia ya kiasi cha haki, isiyozidi kiwango kilichoandikwa. Kiwango hicho ni dari tu. Ni kweli hakuna atakayekwenda mahakamani kwa meticali 27,000, lakini barua inayotaka mchanganuo wa deni, ruta kiasi gani na ufungaji kiasi gani, hubadilisha mazungumzo.

Palma ina suala jingine. Mji uliposhambuliwa Machi 24, 2021, mawasiliano ya simu yalikatika na maelfu ya watu wakakimbia. Ibara ya 795 ya kanuni ileile inasema upande mmoja ukishindwa kutimiza kwa sababu isiyo yake, mwingine hadaiwi malipo yake. Bili ya mwezi ambao mtandao haukuwepo kabisa haina msingi. Aliyekimbia huku mtandao umesharudi ana kesi ngumu zaidi: huduma ilikuwepo, yeye ndiye hakuwepo.

Hapo kuna mtego, na Afungi yenyewe inauonyesha. TotalEnergies iliporudi iliomba kipindi cha mradi kiongezwe miaka 10 na gharama za dola bilioni 4.5 zitambuliwe, kwa hoja kwamba muda uliosimama usihesabiwe. Kampuni ya intaneti inaweza kusema vivyo hivyo: huduma ilisimama miezi minne, basi kifungo nacho kisogee miezi minne. Mteja anayeomba kusamehewa bili za miezi hiyo apate kwa maandishi, siku hiyohiyo, kwamba tarehe ya mwisho wa mkataba haibadiliki.

Anayehama Mtwara kwenda Palma asidhani mpaka unamfungua. Mkataba wa Tanzania unaendelea kudai hadi usitishwe kwa taarifa, hata kama kampuni haina huduma ng'ambo ya Kilambo. Wala dishi lililosajiliwa Msumbiji si ruhusa ya kulitumia Tanzania. Vifaa vya mawasiliano huko viko chini ya TCRA. Msumbiji haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo nafuu za gharama za simu zilizokubaliwa humo hazimfikii aliyeko Palma.

Ruta irudishwe kabla ya kuvuka, kwa risiti yenye namba ya kifaa na sahihi ya aliyeipokea.