Bei ya Kutengeneza Baiskeli: Nani Anamnyonya Nani?

Yako malalamiko ambayo hayakosi kusikika kila mwisho wa mwezi, hasa baina ya walimu na watumishi wengine wa Serikali walioko wilayani, kwamba mafundi baiskeli siku hizi wamegeuka walanguzi. Mtu hupeleka baiskeli yake asubuhi chini ya mwembe, ikiwa inalia kidogo tu katika gurudumu la nyuma, na jioni huambiwa atoe fedha ambazo kwa hesabu zake zingenunua unga wa nyumba nzima kwa wiki. Hunung'unika, hulipa, na siku ya pili huwasimulia wenzake ofisini jinsi alivyonyonywa.

Kunyonya ni neno zito, wala halifai kutupwa ovyo. Mnyonyaji ni yule alaye jasho la mwenzake pasipo kutoa lake. Kabla ya kumbandika fundi jina hilo, hapana budi kutazama kwanza kazi anayoifanya.

Kuitengeneza baiskeli kwa ukamilifu, yaani kuifumua yote na kuiunga upya, si sawa na kuziba pancha. Magurudumu yote mawili hutolewa, habu zikafunguliwa, gololi zikaoshwa kwa mafuta ya taa na kutazamwa moja moja. Iliyochubuka hutupwa, kwani gololi moja mbovu huwaharibia njia wenzake wote. Grisi mpya hutiwa, kisha koni hukazwa kwa kipimo ambacho hakiandikwi popote: zikibana mno gurudumu huwa zito na gololi hujisaga, zikilegea gurudumu hucheza na ekseli hukatika. Kazi hiyo hiyo hurudiwa penye pedeli na penye usukani. Halafu huja kunyoosha magurudumu. Zile baiskeli ndefu za kizamani, za mtindo wa Raleigh, zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, jumla 72, na kila moja yaweza kukazwa au kulegezwa ili ringi isiyumbe. Fundi huzungusha gurudumu, hutazama, hukaza robo, huzungusha tena. Asubuhi nzima huishia hapo. Kijana asiyefundishwa hajui hata kwamba pedeli ya kushoto hufunguliwa kinyume cha ile ya kulia. Hulazimisha, akaharibu meno ya skrubu, na mkono mzima wa pedeli ukawa wa kutupwa. Anayemlipa kijana huyo nusu ya bei kwa kudhani ameokoa fedha, ameanza tu kulipa.

Sasa itazamwe hesabu. Mwalimu akaaye kilometa 6 kutoka shuleni hupanda kilometa 12 kwa siku. Kwa siku 194 za masomo, hizo ni kilometa 2,328, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa barabara na kurudi. Hakuna mwenye akili timamu angepeleka gari safari ya namna hiyo pasipo kumwaga oili. Tuseme basi fundi anatoza shilingi 20,000 kwa kuifumua baiskeli, na kazi hiyo inafanywa mara mbili kwa mwaka. Shilingi 40,000 zikigawanywa kwa siku 194 hazifiki 210 kwa siku. Mwishoni mwa mwaka 2023 nauli ya chini ya daladala ilipandishwa kuwa shilingi 600 kwa safari isiyozidi kilometa 10, na mwalimu wetu huenda na kurudi. Hata fundi akitoza mara mbili ya bei hiyo, na tairi moja ikaongezwa juu yake, baiskeli bado itakuwa imemshinda daladala kwa mbali. Na kwingi huko aliko mwalimu, daladala yenyewe haipiti.

Kinachomfilisi mwenye baiskeli ni ile miezi kumi na minane aliyoiacha pasipo kuigusa, na mnyororo ni shahidi mzuri. Kati ya pini na pini mnyororo mpya una nusu inchi, hivyo vipande 24 vina inchi 12 kamili. Vumbi na ukavu huula, ukarefuka. Vipande hivyo hivyo vikifikia inchi 12 na sehemu moja ya nane, mnyororo umekwisha. Na kwa kawaida huwa umekwisha kuyatafuna meno ya mbele na ya nyuma, kiasi kwamba mnyororo mpya ukivikwa huruka. Hapo pasipohitaji ila mnyororo mmoja sasa pahitaji vifaa vitatu. Mwalimu mwenye rula ya inchi 12 mezani anaweza kuyajua hayo kwa dakika moja kabla ya kengele. Wangapi hufanya hivyo? Wengi hungoja mnyororo ukatike njiani penye mvua, ndipo wamtafute fundi, na fundi akitaja bei ya vifaa vitatu huitwa mwizi.

Haina maana kwamba mafundi wote ni malaika. Wapo watoao kifaa kizima na kurudisha kibovu, na wapo wasiotaja bei mpaka waone mteja amevaa viatu gani. Ubaya huo hauondolewi kwa manung'uniko ya ofisini. Unaondolewa kwa mteja kudai bei itajwe kabla ya spana kushikwa, na kudai arudishiwe mikononi kila kifaa kilichotolewa, hata kama ni gololi tatu zilizochakaa. Fundi mwaminifu hafedheheki kwa madai hayo. Huyapenda, kwa sababu ndiyo yanayomtenga na wababaishaji.

Aidha sehemu kubwa ya fedha zilipwazo chini ya mwembe hazibaki chini ya mwembe. Zinakwenda dukani kununua vifaa. Taifa liliwahi kuwa na kampuni yake ya baiskeli, NABICO, iliyotoa baiskeli za Swala. Leo mwenye duka la wilayani huuza yatokayo ng'ambo, zaidi India na China, mema kwa mabaya katika boksi zinazofanana. Koni laini isiyopikwa chuma chake vizuri hulika mapema, mteja hurudi akifoka, naye fundi hubeba lawama ya kiwanda asichokijua. Akitafutwa mnyonyaji wa kweli katika safari hii, heri atafutwe huko kwenye boksi.

Lakini liko jambo zito kuliko yote hayo, nalo linawahusu moja kwa moja wasomaji wa ukurasa huu. Baiskeli nyingi zinazowabeba mabwana shamba, wahudumu wa afya na walimu vijijini hazikununuliwa na wao. Zililetwa na mradi au na idara, zikakabidhiwa kwa picha na hotuba, zikaandikwa katika leja ya stoo. Baada ya hapo leja hainyanyuki tena. Gari la Serikali lina kasma ya mafuta na kasma ya matengenezo, na tangu mwaka 2005 upo wakala mzima, TEMESA, wa kulihudumia. Baiskeli ya Serikali haina hata kasma ya kopo la grisi. Mtumishi hutakiwa aifumue kwa mshahara wake ilhali si mali yake, naye kwa kuwa si mali yake huiacha ilie mpaka inyamaze. Tembelea stoo yoyote ya namna hiyo uzione zimeegemezwa ukutani, matairi yamekaa chini, kutu imefunga minyororo, na kilichozikwamisha ni kazi ya siku moja ya fundi. Kisha huandikwa barua ya kuomba mpya.

Haiwezi kusemwa kwamba njia nyingine haijulikani. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanza mwaka 2005 kwa kuwagawia baiskeli watu wa Sri Lanka walioathiriwa na tsunami, lilipoingia Zambia na nchi nyingine za Afrika halikuishia kutoa baiskeli. Liliwafundisha na mafundi wa kuzihudumia, likapeleka na vifaa vyake. Waliohesabu bei ya baiskeli pamoja na bei ya fundi ni wageni. Halmashauri inayomjua fundi wake kwa jina, ambaye amekaa ng'ambo ya barabara kutoka lango la ofisi kwa miaka, haina udhuru.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na makisio hukusanywa miezi kadhaa kabla. Mkuu wa shule, mganga wa zahanati na afisa kilimo wa kata wanao wakati wa kuhesabu baiskeli zilizo mikononi mwao, kumwita fundi azitazame, kuandika bei aliyoitaja na kuipeleka juu kama mahitaji ya kazi, pamoja na chaki na dawa.