Taa Moja Yatosha

Jumapili iliyopita kijana mmoja, jirani yetu, aliniita chumbani kwake nikaone studio yake mpya. Alikuwa amenunua taa tatu kwa fedha za mama yake, alizoziweka akiba kwa kuuza maandazi. Lakini picha zake hazikuwa na uhai: kila pua ilikuwa na vivuli viwili, paji la uso liling'aa, shavu moja la manjano na la pili la buluu. Wateja walikuwa wamezikataa.

"Kaka, niongeze ya nne?" aliniuliza.

La hasha, nilimjibu. Zima mbili.

Ndugu msomaji, uzuri wa picha ya uso hautokani na wingi wa taa. Taa ndogo iliyo wazi hutupa kivuli kikali. Taa hiyohiyo ikipitishwa katika mwavuli mweupe wenye upana wa mita moja, karibu na mteja, huwa kama dirisha, na kivuli hulainika. Mwavuli ukisogezwa mbali, ulaini hupotea. Tena umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga hubaki robo tu. Yafaa uwekwe ubavuni kidogo, juu ya usawa wa macho. Upande wa pili tundika shuka jeupe lirudishe mwanga. Ngozi yetu nyeusi hupendeza kwa mwanga mpana namna hiyo.

Je, anunue taa gani? Taa ya mmweko ina nguvu, nayo humnasa vyema mtoto asiyetulia. Lakini anayejifunza atafaidika zaidi na taa ya LED inayowaka muda wote, kwani huona kivuli kabla ya kubonyeza. Asome maandishi ya sandukuni: kelvini 5,600, ambayo ni karibu na mwanga wa mchana, na kipimo cha rangi, CRI, cha 95 au zaidi. Balbu ya manjano ya darini izimwe, maana ndiyo iliyomharibia jirani yangu mashavu ya wateja. Fedha zikibaki, zinunue stendi imara, na mfuko wa mchanga wa kuikandamiza miguu isije ikamwangukia mtu.

Asiye na fedha hata za taa moja asikate tamaa. Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, aliyefungua studio mwaka 1948, alipiga picha nyingi uani kwa mwanga wa jua, nyuma ya mteja akiwa ametundika kitambaa. Leo picha zake zinatundikwa katika majumba makubwa ya sanaa duniani.

Jioni ile tulimketisha mama kando ya taa moja, mwavuli na shuka. Alipoiona picha yake alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama angeweza kuipeleka kwa dada yake kijijini.

Taa mbili zilizobaki zinatafutiwa mnunuzi, ili mama arudishiwe akiba yake.