Mnara na Gharama ya Jirani



Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu huyo, kabla ya kuweka msingi, huketi kwanza akapiga hesabu ya gharama, asije akaanza kazi na kushindwa kuimaliza, akawa kichekesho cha watu. Mara nyingi tumeuhubiri mfano huu kueleza gharama ya kuwa mfuasi wa Kristo, na ndivyo ulivyokusudiwa. Lakini mtu anayeishi leo katika mitaa ya Dar es Salaam, ambako minara halisi ya zege inainuka juu ya viwanja vilivyokuwa na nyumba za chini, hawezi kuusoma bila kujiuliza swali la pili: je, gharama hiyo ni ya nani? Mjenzi huhesabu saruji, nondo, mkopo wa benki na kodi ya pango atakayovuna. Ni nani anayehesabu gharama itakayomwangukia jirani?

Swali hilo si la mahubiri peke yake. Ni swali la sheria ya nchi, nalo lina jina: Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Tunaliandikia leo kwa sababu tumeona waamini wetu wengi, hata viongozi wa walei, wakilichukulia kuwa ni jambo la wataalamu na matajiri, lisilowahusu. Sisi tunaamini kwamba linawahusu wao kuliko mtu mwingine yeyote.

Hatupingi ghorofa

Tuanze kwa kuondoa dhana potofu. Kanisa halipingi majengo marefu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, nao wanahitaji mahali pa kulala. Jiji likiendelea kutambaa kuelekea mashambani, misitu hukatwa, mashamba humezwa, na mfanyakazi hutumia saa nyingi barabarani kabla hajafika kazini. Kujenga kwenda juu ni njia mojawapo ya kuitumia ardhi kwa busara. Aidha, ujenzi huwapa riziki vijana wetu wengi, kuanzia fundi mwashi hadi mama anayewapikia mafundi.

Tunachokipinga ni hesabu ya upande mmoja.

Tuchukue mfano mwepesi. Kiwanja kilikuwa na nyumba moja yenye watu wanane. Mahali pake panajengwa ghorofa 12, kila ghorofa ikiwa na makazi manne. Hayo ni makazi 48. Tukikadiria watu watano kwa kila makazi, tunapata watu 240. Kila mmoja akitumia lita 80 za maji kwa siku, jengo litahitaji lita 19,200 kila siku, na sehemu kubwa ya maji hayo itatoka tena kama majitaka. Yataingia wapi? Sehemu kubwa ya jiji letu haina mabomba ya majitaka. Watu hutegemea mashimo. Shimo lililotosha familia moja haliwezi kutosha mtaa mzima uliopandishwa hewani. Likifurika, halifuriki katika ghorofa ya kumi. Hufurika chini, mlangoni mwa jirani.

Hayo ni ya majitaka tu. Kiwanja kilichokuwa na mchanga na mwembe kikifunikwa kwa zege, maji ya mvua hayazami tena. Huelekea kwa aliye bondeni. Kuchimba ghorofa ya chini ya ardhi mara nyingi hudai kuvuta maji yaliyomo ardhini kwa pampu, na ardhi ya jirani huweza kutitia, kuta zake zikapasuka. Kisima kirefu kikivuta maji kupita kiasi karibu na pwani, maji ya bahari huingia chini kwa chini, na visima vya wengine hugeuka vya chumvi. Kuna pia vumbi na kelele za miezi mingi, magari yasiyo na mahali pa kuegesha, na uchochoro ambao gari la zimamoto haliwezi kupenya. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana katika hesabu ya faida ya mwenye jengo. Yote ni gharama, lakini hulipwa na mtu mwingine.

Sheria inasema nini

Mwaka 1992, mataifa yaliyokutana Rio de Janeiro yalikubaliana kwamba shughuli inayoelekea kuathiri sana mazingira ifanyiwe tathmini, na kwamba wananchi washirikishwe katika maamuzi. Nchi yetu iliweka jambo hili katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kifungu cha 4 kinasema kwamba kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya kuwa na mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinamruhusu kwenda mbele ya vyombo vya sheria kuitetea haki hiyo. Kifungu cha 57 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa au ukingo wa mto. Na kifungu cha 81 kinamtaka mwenye mradi unaohusika afanye tathmini kabla mradi haujaanza wala kugharimiwa.

Twaomba msomaji alishike neno hilo: kabla. Tathmini inayofanyika baada ya katapila kuingia kiwanjani si tathmini. Ni taarifa ya msiba.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, aya ya 183, alifundisha jambo lilo hilo. Tathmini, alisema, haipaswi kufuata nyuma ya mpango wa biashara uliokwisha kupangwa. Iwe sehemu ya kazi tangu mwanzo, iwe ya uwazi, na iwe huru na shinikizo la fedha na la siasa. Tena alikumbusha kwamba wenyeji wa mahali wana nafasi ya pekee katika mazungumzo hayo, kwa kuwa wao ndio wanaojali wanachokitaka kwa ajili yao na watoto wao. Kabla yake, Papa Yohane Paulo II, katika ujumbe wa Siku ya Amani Duniani ya tarehe 1 Januari 1990, alikwisha kuonyesha kwamba amani haiwezi kutengwa na heshima kwa viumbe vyote.

Karatasi ya mahudhurio

Hata hivyo, kati ya sheria na mtaa kuna umbali mrefu. Tulipata kuutambua umbali huo tulipoitwa na wanajumuiya wa mtaa mmoja wa jiji hili. Walikuwa wameitwa mkutanoni siku ya Jumamosi saa tisa alasiri. Mtaalamu mmoja alieleza kwa muda mfupi, kwa maneno ambayo wengi hawakuyaelewa, kwamba jengo la makazi litajengwa na kwamba litaleta maendeleo. Maswali yalikuwa mawili. Kisha karatasi ikazungushwa, watu wakaandika majina na kutia saini, wakapewa soda na nauli.

Miezi kadhaa baadaye, ukuta wa chumba cha mama mmoja mjane ulipoanza kupasuka kwa sababu ya shimo lililochimbwa upande wa pili wa uzio wa mabati, alikwenda kulalamika. Alionyeshwa saini yake mwenyewe. Aliambiwa kwamba yeye alikuwa miongoni mwa majirani waliokubali.

Mama huyo alituambia: "Baba, mimi nilidhani ile ni karatasi ya posho."

Maneno hayo hayajatutoka moyoni. Mama yule hakuwa mjinga. Alitendewa kana kwamba yeye ni idadi inayohitajika ili fomu ijae. Aliulizwa jina, hakuulizwa neno. Hapo ndipo dhambi ya jambo hili ilipo: kuugeuza ushirikishwaji kuwa ushahidi dhidi ya wale wanaoshirikishwa. Kuhudhuria si kukubali, na saini ya aliyekuja kusikiliza si ridhaa.

Wapo watakaotuambia kwamba kumsikiliza kila jirani ni kuchelewesha maendeleo, na kwamba mwekezaji akisumbuliwa atapeleka fedha zake kwingine. Hoja hiyo ina sehemu ya ukweli. Ucheleweshaji una gharama, na pengine mtu mmoja mkaidi huweza kuukwamisha mradi ulio mwema. Lakini tunauliza: je, ni lipi lililo rahisi zaidi, kurekebisha mchoro ukiwa bado mezani, au kurekebisha jengo likiwa limekwisha kusimama? Bomba la majitaka likiongezwa katika karatasi hugharimu wino. Likiongezwa baadaye hugharimu mahakama, kipindupindu na uadui wa miaka mingi.

Tunakumbuka pia yaliyotupata. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine lilianguka Kariakoo asubuhi, watu wakiwa katika shughuli zao, na zaidi ya 20 wakafariki. Hatusemi kwamba tathmini ya mazingira ndiyo ingeyazuia maafa hayo. Uimara wa jengo una wahandisi wake na sheria zake. Tunachosema ni kwamba anayezoea kumpuuza jirani katika jambo la majitaka hujifunza kumpuuza pia katika jambo la uhai. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, kinamwagiza mwenye kujenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, ili damu ya atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yake. Sheria hiyo ya kale haikumzuia mtu kujenga. Ilimkumbusha tu kwamba nyumba yake inapandwa na watu wengine pia.

Tufanye nini

Kwanza, mkutano wa tathmini ukiitishwa mtaani, tuhudhurie. Jumuiya ndogondogo zitangaze mkutano huo kama zinavyotangaza msiba au harusi, na ziwaalike majirani Waislamu na wa madhehebu mengine, kwa maana majitaka hayaulizi dini ya mtu.

Pili, tuombe kusoma. Kanuni za tathmini za mwaka 2005 zinataka taarifa iambatane na muhtasari usio wa kitaalamu, ulioandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Tuuombe huo wa Kiswahili, tuusome pamoja jumuiyani, na yule mwenye elimu asiwaonee aibu wasioelewa.

Tatu, tuulize maswali ya wazi. Maji yatatoka wapi na majitaka yatakwenda wapi? Maji ya mvua yataelekea kwa nani? Shimo la msingi litakuwa na kina gani, na nyumba za jirani zimekaguliwa na kupigwa picha kabla ya kuchimba? Ukuta wa jirani ukipasuka, nani atalipa, na ahadi hiyo imeandikwa wapi? Baada ya jengo kukamilika, nani atakuja kukagua kama ahadi zimetimizwa?

Nne, tuandike. Karatasi ya mahudhurio ikija, tuangalie kichwa chake kinasema nini kabla ya kutia saini. Maoni yetu tuyapeleke kwa maandishi serikali ya mtaa na kwa mamlaka ya mazingira, na nakala ibaki kwetu.

Nasi tujichunguze

Hatuwezi kuhitimisha bila kujielekezea kidole sisi wenyewe. Kanisa nalo lina viwanja mjini. Zipo parokia na taasisi za dini zinazojenga, au zinazoingia ubia na wawekezaji, ili zipate fedha za kuendeshea shule na zahanati. Nia ni njema. Lakini nia njema haipitishi majitaka. Je, tulipochora ghorofa letu, tulimwendea yule jirani asiyesali nasi, tukaketi barazani kwake na kumwuliza? Au tulitegemea kwamba hakuna atakayethubutu kumshitaki padre?

Twaziomba halmashauri za walei zisiidhinishe mchoro wowote wa jengo la parokia kabla ya kuona tathmini pale sheria inapoidai, na kabla ya kuwasikiliza majirani hata pale isipoidai. Paroko akiwa na haraka, walei wamzuie kwa heshima. Tukilidai jambo hili kwa wengine na kulikwepa nyumbani kwetu, hakuna atakayetusikiliza, wala hatutastahili kusikilizwa.

Mama yule angali anaishi katika chumba chake. Ufa umezibwa kwa saruji, nao unaonekana ukutani kama kovu. Kila tunapopita hapo tunautazama, na tunakumbuka kwamba mnara ule ulihesabiwa gharama zake zote, isipokuwa hiyo moja.