Saa ya Urithi: Tengeneza Mashine, Uso Uache

Novemba 2021, katika mnada wa Phillips mjini Geneva, saa ya mkono ya Omega Speedmaster ya mwaka 1957 ilipata mnunuzi kwa zaidi ya faranga za Uswisi milioni 3. Kilichowapagawisha wapenzi wa saa ni uso wake, uliokuwa mweusi ukageuka hudhurungi kwa umri. Mwaka 2023 mambo yakafichuka: saa ile ilikuwa imeungwaungwa kwa vipande vya saa mbalimbali. Na aliyeinunua ni Omega wenyewe, kwa ajili ya makumbusho yao.

Ikiwa waliounda saa wamepigwa chenga na saa yao, mtu aliyeachiwa moja na baba yake hana sababu ya kuona aibu kwamba hajui kama ni orijino. Aibu ipo kwingine: katika haraka ya kuifanya mpya.

Haraka hiyo inajulikana. Arobaini ikishapita, vitu vya marehemu vinagawanywa, na mmoja wa watoto anaondoka na saa yenye kioo kilichokwaruzika na uso wenye madoa. Kesho yake iko mezani kwa fundi, na agizo ni moja: ing'ae. Fundi naye anatii. Anapiga kasha polishi, anapaka uso rangi upya, anaweka mishale mipya, na kumkabidhi mteja saa ambayo marehemu mwenyewe asingeitambua.

Kabla ya kufika huko, saa inastahili kusomwa. Seiko 5, saa ya wafanyakazi wengi wa Afrika Mashariki kwa miongo kadhaa, ni rahisi kuisoma kuliko wengi wanavyodhani. Ilianza kuuzwa mwaka 1963, ikijivuta yenyewe kwa mwendo wa mkono, na dirisha moja la siku na tarehe penye namba 3. Zile za miaka ya 1970 na 1980 zina namba mgongoni, mfano 7009-3040. Tarakimu nne za mwanzo ni za mashine, nne za mwisho ni za kasha. Kando yake ipo namba ya tarakimu sita: ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi, ambapo Oktoba huandikwa 0, Novemba N na Desemba D. Inayoanza na 83 ni ya Machi 1978 au Machi 1988. Picha ya harusi ya wazazi inaweza kumaliza ubishi huo.

Kisha ije zamu ya uso. Chini kabisa, ukingoni, lenzi itaonyesha maandishi madogo mno, nayo kwa kawaida huanza na namba ya mashine. Yasipolingana na mgongo, au yasipokuwepo kabisa, kuna kila sababu ya kushuku kwamba uso si ule wa kiwandani. Herufi zilizovimba, vijistari vya dakika vilivyopinda na rangi kali ya buluu au chungwa ndani ya kasha lililochakaa hutoa ushahidi huohuo. Kwa saa za Uswisi, baadhi ya viwanda vinasaidia: Longines wana kumbukumbu tangu mwaka 1867 na humjibu anayeleta namba ya saa yake.

Kasha nalo lina ushahidi wake. Polishi haiondoi mkwaruzo. Inaondoa chuma kinachouzunguka mpaka vilingane, na pembe zilizokuwa kali zinabaki mviringo. Chuma hicho hakirudishwi.

Marlon Brando alipoigiza katika Apocalypse Now, filamu iliyotoka mwaka 1979, aling'oa pete inayozunguka kioo cha Rolex yake, na mgongoni akachonga jina lake kwa mkono. Baadaye akampa binti yake, Petra. Desemba 2019 saa hiyo ilifika mnadani New York hivyohivyo, bila pete, ikauzwa kwa dola milioni 1.95. Fundi mwenye bidii angeweza kufuta thamani yote hiyo kwa mchana mmoja.

Wapo watakaosema: hatuuzi, tunataka kuivaa, na Seiko ya mzee haina bei ya mnadani. Ni kweli, na ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuiacha ilivyo. Saa isiyo na bei kubwa sokoni thamani yake ni yule aliyeivaa, na alama zake ziko kwenye uso na kasha, si kwenye gia za ndani. Mashine ndiyo ifunguliwe, ioshwe na kutiwa oili mpya, kwa kuwa oili iliyokauka huacha chuma kikisaga chuma. Kioo cha plastiki kisuguliwe bila woga. Kutu ikiingia, iondolewe.

Jambo moja halina mjadala. Saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zenye namba za kung'aa gizani zilipakwa radiamu, sumu iliyowaua baadhi ya wasichana wa viwandani Marekani waliochonga ncha za brashi kwa midomo. Saa kutong'aa tena si dalili ya usalama: rangi huchoka, lakini radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Saa ya namna hiyo isifunguliwe nyumbani wala kukwanguliwa, na fundi aambiwe mapema.

Kwa nyingine zote, vipigwe picha uso, mgongo na mashine kabla ya saa kuachwa dukani. Iandikwe kwenye risiti: hakuna polishi, hakuna rangi, kila kipande kitakachotolewa kirudi kwa mwenyewe ndani ya bahasha. Fundi asiyekubali masharti hayo asiachiwe saa.