Risasi Isiingie Jikoni



Juma lililopita, baada ya darsa ya Alhamisi, alitujia mama mmoja ambaye ni fundi wa cherehani, mkononi ana kipande cha mkanda wa gari na kopo la rangi lililofunikwa. Mwanawe afanya kazi katika boti za watalii huku Kusini, na sasa ajifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa. Alikuwa amemwomba mamake amshonee vifuko vya uzani vya kuvaa kiunoni. Tukamwambia kwamba kwa fundi kama yeye hiyo si kazi ya kumsumbua. Akatujibu, "Kushona najua, wanangu. Ninachouliza ni hili kopo." Ndani mlikuwa na risasi: chubwi kuukuu za mshipi, pamoja na vipande vilivyotolewa tumboni mwa betri ya gari. Kijana alikusudia kuviyeyusha jioni ile kwenye jiko la makaa, kisha aimwage risasi ndani ya maji ipate kuwa chembe ndogondogo.

Tuanze na haja ya kijana, kwani ni haja ya kweli. Mwili wa mwanadamu huelea kwa urahisi katika maji ya chumvi, na vazi la mpira avaalo mzamiaji huelea zaidi, kwa kuwa limejaa viputo vya hewa. Bila ya uzani hawezi kushuka. Vipande vigumu vya risasi hufinya mifupa ya nyonga na kuumiza mgongo, lakini kifuko chenye chembe hulala na umbo la mwili. Ndiyo maana wazamiaji huvipenda, na wasioweza kuvinunua hujishonea.

Taabu imo katika kopo. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na jiko la makaa lililochochewa vyema hufika hapo bila ya shida. Likishafika, mvuke na vumbi lake hutua juu ya sufuria, juu ya mkeka, juu ya nywele za mtoto aliyesimama kutazama. Tone la maji likinaswa chini ya risasi iliyoyeyuka, hugeuka mvuke ghafla na kuirusha risasi hiyo usoni mwa aliye karibu. Vipande vya betri navyo vina tindikali. Hata chembe zilizonunuliwa tayari husuguana zikaacha unga wa kijivu vidoleni, na vidole hivyo ndivyo vitakavyokanda unga wa chapati.

Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutokana na risasi aliyoimeza, na inayoathirika zaidi ni akili yake. Kwa mwanamke, risasi hukaa mifupani miaka mingi, kisha hutoka wakati wa mimba na kumfikia aliye tumboni. Sisi watu wa Mombasa hatuhitaji mfano wa mbali. Pale Owino Uhuru, upande wa Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kilikuwa kando ya nyumba za watu. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi mwilini, na kutoka hapo akaanza kuwapigania majirani. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wakaazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Jiko la uani si kiwanda, twakiri. Lakini mtoto wa uani yu karibu na jiko kuliko mtoto yeyote alivyokuwa karibu na kile kiwanda.

Basi kijana azamie na nini? Tulifanya hesabu pamoja na yule mama, nyuma ya karatasi ya darsa. Kilo moja ya risasi ikitiwa baharini huvuta kama gramu 910, kwa kuwa maji huibeba sehemu yake. Kilo ya mchanga huvuta kama gramu 610 tu, na hufanya kifuko kikubwa mno. Kilo ya chuma huvuta kama gramu 870. Tofauti ya chuma na risasi, kwa kila kilo, ni gramu 40! Nati na boliti ndogo za chuma kisichoshika kutu ni ghali kuliko chubwi kuukuu, na kifuko chake hunenepa zaidi, ila jikoni hazidhuru mtu.

Kwa naylon nzito ya begi la shule lililochakaa, kata kipande cha sentimita 16 kwa 28, ukunje kiwe 16 kwa 14. Tumia uzi wa naylon au poliesta, kwani pamba huoza chumvini. Kabla ya kuziba pande, shonea mgongoni vitanzi viwili vya mkanda wa gari, mkanda wa mzamiaji upite humo bila ya kubanwa. Pande zishonwe mara mbili. Chini acha matundu mawili madogo kuliko nati, uchome kingo zake zisifumuke, maji yapate njia. Pima kilo kamili kwa mizani, tia, kisha shona mdomo mara tatu. Kifuko kisijae, kilegee kama mto mkuukuu.

Bizimu ya mkanda isiwe ya kutengenezwa nyumbani. Sharti ifunguke kwa mkono mmoja, kwa mvuto mmoja, mtu akipatwa na dhiki majini. Na idadi ya kilo aiamue mkufunzi, si mama wala si sisi.

Kopo lile lilifungwa kwa gundi ya karatasi, likarudishwa kwa mnunuzi wa betri kuukuu alikolitoa kijana. Mama alishona vifuko sita, kila kimoja kimetiwa tarakimu kwa uzi mweupe. Jumamosi mwanawe alivipeleka kwa mkufunzi, wakavijaribu kwenye maji ya kina kifupi. Alirudi na viwili mkononi: alikuwa havihitaji.