Fikra za Wazee wa Samburu na Deni la Wanakiswahili

Ndugu msomaji, Samburu ninayoikusudia katika makala haya si ile kaunti ya wafugaji iliyoko kaskazini mwa Kenya. Ni mji mdogo ulioko kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, baina ya Mariakani na Taru, katika Kaunti ya Kwale. Ni nchi ya Waduruma, mojawapo ya jamii 9 za Wamijikenda. Nchi ya mbuzi, ng'ombe na mahindi yanayongoja mvua isiyotegemeka. Baina ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana pasipo mvua ya kutosha, na mifugo ikafa kwa wingi. Vijana wengi wameteremkia Mombasa, Ukunda na Diani kutafuta riziki. Nyumbani wamesalia wazee na wajukuu.

Katika nyumba kama hizo hutokea jambo ambalo aghalabu hatulitii maanani. Mzee huacha kula vizuri. Hulala saa chache, kisha huamka usiku wa manane na kukaa macho hadi alfajiri. Haendi tena kilabuni, msikitini wala kanisani. Akiulizwa, husema amechoka tu. Nasi humalizia kwa kauli moja: uzee ndio huo. Makala haya yananuia kuipinga kauli hiyo. Nashikilia kwamba huzuni ya mzee inaweza kuwa maradhi, kwamba maradhi hayo yana tiba ambayo kiungo chake kikuu ni lugha, na kwamba kwa sababu hiyo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunadaiwa.

Dhana kuwa mzee hafai kutibiwa nafsi si ya wanakijiji pekee. Mnamo Desemba 1904, Sigmund Freud, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 48, aliwaeleza madaktari wa Vienna kwamba watu wanaokaribia au kupita miaka 50 hawaifai sana tiba yake, kwa kuwa akili zao zimepoteza ule wepesi wa kufunzika. Kwa maneno mengine, la kuvunda halina ubani. Kauli hiyo iliacha kivuli kirefu katika taaluma nzima, na wazee wakaachiwa vidonge au dua.

Mambo yalianza kubadilika pale daktari Aaron Beck wa Philadelphia, nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alipotambua kwamba wagonjwa wake wenye huzuni kuu walikuwa wakijisemea maneno ya haraka moyoni pasipo kuyachunguza: sina maana, mambo hayatatengenea kamwe, nimekuwa mzigo. Maneno hayo huzaa huzuni. Huzuni humfanya mtu ajifungie. Kujifungia humnyima kila kitu ambacho kingeyakanusha maneno yale. Basi huzuni hukua zaidi. Tiba aliyoiasisi humfunza mgonjwa kuyanasa maneno hayo, kuyatafutia ushahidi, na kurejea kidogo kidogo katika shughuli alizoziacha. Kwa kawaida huchukua vikao vichache vilivyopangwa, wala si miaka.

Je, wazee wananufaika? Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwahusisha watu 204 wa London wenye umri wa miaka 65 na zaidi waliokuwa na huzuni kuu. Baadhi walipewa tiba hii, wengine wakapewa mtu wa kuzungumza nao kwa upole pasipo mbinu hizo, na wengine wakaendelea na matibabu ya kawaida. Waliopewa tiba walipata nafuu zaidi kuliko wale waliopewa mazungumzo matupu. Kwa hivyo jambo hili si porojo za kumliwaza mzee. Ni ufundi, na ufundi hufunzwa.

Tuchukue mfano wa kubuni ili tuone ufundi huo ungekuwaje Samburu. Bibi mjane amepoteza mbuzi wake wote katika ukame. Mhudumu wa afya ya jamii anamtembelea, anamwamkia, wanajuliana hali. Bibi anasema, "Mjukuu wangu, mimi sasa ni wa kulishwa tu. Sina nifanyalo." Mhudumu hambishii wala hamwambii ajikaze. Anamwuliza, "Bibi, jana asubuhi nani aliwaamsha watoto kwenda shule?" Ni yeye. "Na yule mama jirani aliyejifungua, nani alimkanda?" Ni yeye vilevile. Hapo wanaliweka lile neno "sina nifanyalo" kando ya mambo mawili hayo na kuuliza kama vyote vinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Kisha wanakubaliana jambo dogo moja: Jumamosi bibi ataketi na akina mama wa chama chake, japo kwa saa moja. Kwa kuwa bibi hakwenda shule, hapewi karatasi ya kujaza. Kila jioni anatia punje ya hindi katika kibuyu ikiwa siku ilikuwa na nafuu. Wiki ijayo watazihesabu pamoja. Kwa mzee, mwendo huwa wa taratibu, yaliyosemwa hurudiwa, sauti hupazwa ikiwa masikio yamepungua, na jamaa mmoja hushirikishwa iwapo mwenyewe ameridhia.

Hapa ndipo lugha inapoingia, na hapa ndipo kazi yetu ilipolala. Tiba hii huitwa kwa Kiswahili cha tafsiri "tiba ya utambuzi-tabia". Naomba tulitazame neno hilo kwa masikio ya mzee wa Samburu. Kwetu sisi tabia ni suala la maadili: mtu ana tabia nzuri au hana tabia. Kumwambia ajuza aliyelea watoto na wajukuu kwamba umekuja kuitibu tabia yake ni kumtukana mbele ya watu wake. Vivyo hivyo, vitabu vya taaluma huzungumzia fikra zisizolingana na hali halisi, na mfasiri mwenye haraka huandika "fikra potovu". Lakini mpotovu ni fisadi, mtu aliyeiacha njia njema. Ni mzee gani atakayekubali kuambiwa hivyo na kijana wa umri wa mjukuu wake? Ningependekeza "tiba ya fikra na matendo", na "fikra zilizopinda". Kitu kilichopinda hunyooshwa, wala hakilaumiwi.

Neno "mawazo" nalo lina mtego wake. Kwa mwanasaikolojia, mawazo ni yale yapitayo akilini. Kwa mwenyeji wa pwani, kuwa na mawazo ni kuwa na dhiki. Basi mhudumu akiuliza, "Bibi, una mawazo gani?", jibu la heshima litakuwa "Sina mawazo, mwanangu, namshukuru Mungu", na mlango umefungwa. Aulize badala yake, "Ukiwa umelala macho usiku, moyo unakuambia nini?", naye atasikia maneno yale yale ambayo Beck aliyasikia Philadelphia. Ama kuhusu jina la maradhi, baadhi yetu tunasema sonona, wengine unyogovu, wengine msongo wa mawazo, na hospitalini husikika dipresheni. Wataalamu wanaweza kuendelea kuvutana. Mzee hawezi kungoja hadi mvutano ukome. Zaidi ya hayo, wako wazee wengi ambao Kiswahili kwao ni lugha ya soko na ofisi, ilhali uchungu wao unakaa katika Kiduruma. Kulikiri hilo hakukipunguzii Kiswahili hadhi. Kiswahili kinaweza kuwa daraja la kumfunzia mhudumu, na Kiduruma kikawa lugha ya kikao.

Sasa nifikie jambo lililo zito kuliko yote. Tiba hii imejengwa juu ya swali: je, unalojiambia ni kweli? Katika Kwale na Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, ambao Wamijikenda huuita utsai. Mara nyingi nyuma ya shutuma hizo kuna ugomvi wa mashamba na urithi, na mvi zenyewe zimegeuzwa ushahidi. Huko Ganze katika Kaunti ya Kilifi, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliotishiwa maisha na jamaa zao. Basi mzee akisema, "Watoto wa ndugu yangu wananitakia kifo", mhudumu aliyekariri kitabu cha ng'ambo anaweza kuandika kwamba hizo ni fikra zilizopinda. Huenda kilichopinda ni kijiji. Kumfunza mtu huyo kutuliza hofu yake ni kumpokonya ngao yake ya mwisho.

Kwa hivyo nashikilia kwamba katika pwani yetu swali la kwanza la tiba hii lazima liwe la usalama: nani amesema nini, lini, na shamba ni la nani? Ikiwa hatari ni ya kweli, kazi ni ya chifu, polisi na jamaa waaminifu kabla ya kuwa ya mshauri. Na yapo mafungamano mengine tusiyapuuze. Mzee asiyelala hutembea uani usiku. Mzee mwenye huzuni hujisemea peke yake. Aliyeanza kupoteza kumbukumbu hujikuta katika boma lisilo lake. Dalili hizo ndizo zinazosomwa na majirani kuwa za uchawi. Kumtibu mzee mapema, na kuwaeleza jirani zake kuwa hayo ni maradhi, kunaweza kumwokoa zaidi ya huzuni.

Yumkini msomaji atauliza: watapatikana wapi waganga wa nafsi huko Samburu? Jibu liko kwa majirani zetu wa Afrika. Mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe alianza na akina bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare, akawafunza kuketi na wagonjwa juu ya benchi la mbao nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua matatizo yao hatua kwa hatua, kwa njia iliyo ndugu wa tiba tunayoizungumzia. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kuwa waliosaidiwa walipata nafuu kubwa kuliko wenzao. La kutuvutia sisi wanalugha ni kwamba hatua za tiba hiyo zilipewa majina ya Kishona: kufungua akili, kuinua na kuimarisha. Hapa Kenya, Shirika la Afya Duniani lilijaribu Nairobi mpango wa vikao vitano kwa wanawake 421, ukiendeshwa na wahudumu wa jamii wasio na shahada ya saikolojia, na matokeo mema yakachapishwa mwaka 2017. Hao hawakuwa wazee, lakini walituonyesha kuwa mikono ya kuifanya kazi hii ipo. Na mfano wa Harare unatukumbusha kuwa mzee si wa kutibiwa tu. Anaweza kuwa mtabibu. Jungu kuu halikosi ukoko.

Wapo watakaosema kuwa njaa haitibiwi kwa maneno. Wana haki. Mpango wa Inua Jamii humpa mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi, na hizo si nyingi. Tiba ya fikra hairudishi mbuzi wala hainyeshi mvua. Lakini mtu aliyekata tamaa hupoteza hata nguvu ya kwenda kuchukua kile kidogo alichotengewa. Wengine watasema tuna wazee wa kaya, mashehe, mapadri na waganga. Nao wabaki, faraja ya imani haigombani na tiba hii. Hata hivyo, palipo na dalili za kutaka kujiua, kukataa chakula kabisa, au kuchanganyikiwa kwa ghafla, mzee apelekwe hospitalini bila kukawia, kwani baadhi ya hali hizo chanzo chake ni mwili na zinahitaji dawa.

Ibara ya 57 ya Katiba ya mwaka 2010 inamtaka mzee aishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na apate matunzo ya jamaa na ya serikali. Sheria ya afya ya akili iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022 imezipa kaunti jukumu la kutoa huduma hizo. Sheria ipo, maneno ya kuitimiza ndiyo bado. Wanachama wenzangu, kila mwaka tunaandika tasnifu juu ya istilahi, na nyingi huishia rafuni. Napendekeza chama chetu kiunde kikundi kidogo cha wanalugha, wanafunzi wa saikolojia na wazungumzaji wa Kiduruma. Kikundi hicho kiandae maswali 20 tu ya mhudumu kumwuliza mzee, kwa Kiswahili na Kiduruma, kisha kiende Samburu kuwasomea wazee wenyewe na kuwauliza wamesikia nini. Neno watakalolikataa tulifute, hata kama lilitungwa na profesa. Kitakachosalia tukikabidhi kwa idara ya afya ya Kaunti ya Kwale.

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Itakuwa fedheha kwetu ikiwa wazee wenyewe wataharibikiwa kwa kukosa neno.