PICHA ZA ANGANI NA MIGUU YA ASKARI WA MSITU



Siku hizi vyuo vikuu vyetu vinafundisha elimu ya kusoma picha za dunia zipigwazo na setilaiti, na kuchora ramani kwa kompyuta, ili mazingira yatunzwe. Elimu hiyo ni njema. Tunalopinga ni mlango wake.

Asiye na C+ ya KCSE haingii moja kwa moja kusomea shahada. Basi askari aliyeutembea Msitu wa Kakamega miaka ishirini, kutoka Isecheno hadi Buyangu, atabaki nje, na kijana asiyewahi kuukanyaga atafundishwa kuusoma kwa picha.

Haya, picha yenyewe yasema nini? Landsat ya kwanza ilirushwa mwaka 1972. Zinazozunguka leo hupima ardhi kwa vipande vya mita 30 kwa 30, yaani karibu robo eka. Ng'ombe wa jirani haonekani kabisa, bwana! Huonekana kijani. Je, kijani hicho ni msitu wa asili, au ni mapera yaliyoota palipokatwa miti? Mwiritsa uliochunwa gome na bado umesimama, nani auonaye? Kompyuta haijui mpaka mtu aende kwa miguu, atazame, arudi aseme. Walimu wa elimu hii wenyewe hukiri kwamba picha isiyohakikishwa chini haiaminiki. Na mara nyingi aongozaye njia ni kibarua wa siku, panga mkononi. Ramani ikichapishwa, jina lake hamna.

Ramani si mchezo hapa kwetu. Sheria ya 1930 iliahidi kwamba ardhi ya Waafrika ikichukuliwa watapewa nyingine badala yake. Dhahabu ilipoonekana Kakamega, sheria ikageuzwa mwaka 1932, na vigingi vikapigwa katika mashamba ya wazee wetu.

Tena, picha za Landsat ni za bure tangu 2008. Kama picha ni bure, kwa nini kuzisoma kuwe mali ya wachache?

Twadai Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilicho mjini mwetu, kiwape askari wa msitu, vibarua wa vitalu vya miche na wasaidizi wa wapima ardhi darasa la jioni, kwa Kiswahili. Cheti kitolewe, na cheti kiongeze mshahara. Anayehakikisha picha msituni alipwe ujira wa fundi, na jina lake liandikwe kwenye ramani.

Katibu wa tawi anapokea majina ya wanaotaka kusoma. Leteni kabla ya mwisho wa mwezi, hata ninyi ambao hamjagusa kompyuta.